Mtazamaji wa Sumbawanga hahesabiwi

Kwa miaka kadhaa sasa watengenezaji wa filamu wa Tanzania wamekuwa wakipewa matumaini ya aina moja: DVD imekufa, mdosi, yaani msambazaji mkubwa, wa Kariakoo amepoteza nguvu, na msanii anaweza kupakia kazi yake mtandaoni ikatazamwa Sumbawanga, Mombasa, Muscat na Minneapolis usiku uleule. Sehemu ya kwanza ya matumaini hayo imetimia. Filamu za Kiswahili zinafika mbali kuliko wakati wowote uliopita, na kijana wa Izia au Katandala hapati taabu kuona tamthilia iliyotoka wiki hii. Sehemu ya pili, ile ya fedha, haijatimia, na ninavyoona mimi haitatimia kwa nguvu ya intaneti peke yake. Mapato ya filamu hayatoki kila mahali picha inapofika. Yanatoka pale tu ambapo mtazamaji amehesabiwa. Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu katika sensa ya 2022, na wengi wa wanaotazama filamu huku hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote: si ya YouTube, si ya kampuni ya ving'amuzi, si ya mtayarishaji mwenyewe. Kama tunataka fedha zao zimfikie aliyetunga hadithi, tuache kuwawinda wenye mabanda ya muvi na vibanda umiza, tuwafanye mawakala halali wa filamu zetu.

Zamani za majumba ya sinema hesabu ilikuwa wazi. Mtazamaji alikata tiketi, na kilichopatikana mlangoni kikagawanywa kati ya mwenye jumba, msambazaji na Serikali. Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968 ilipokuja kushika usambazaji, ilikuta utaratibu huo upo tayari. Tatizo ni kwamba tiketi ilikuwa ya watu wa mijini, na hasa miji ya pwani na ya kando ya reli. Nyanda za Ufipa hazikuwa na reli, na zilikaa miaka mingi zikingoja lami hadi barabara ya Tunduma–Sumbawanga ilipojengwa kwa msaada wa Marekani. Mkanda wa video ulipoingia miaka ya 1980 ulivuka vizuizi hivyo kwa urahisi. Mtu alitafuta deki, televisheni na jenereta, akapanga mabenchi, akatoza kiingilio. Sinema ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika, na palepale hesabu ikavunjika, kwa sababu hakuna aliyejua ni wangapi waliopita mlangoni. Kila teknolojia iliyofuata imerudia hali hiyo: imeongeza watazamaji na kupunguza idadi ya wanaojulikana.

Bongo Movie ilizaliwa ndani ya biashara hiyo isiyo na hesabu. Baada ya *Girlfriend*, filamu ya 2003 iliyoongozwa na George Tyson, soko la filamu za video lilipanuka haraka, na kufikia wakati mwigizaji Steven Kanumba anafariki Aprili 2012 sura yake ilikuwa inajulikana hadi Kongo na Burundi. Lakini mtayarishaji wa kawaida hakulipwa kwa idadi ya nakala. Aliuza filamu kwa bei ya jumla, haki zote, kwa msambazaji wa Kariakoo, akachukua fedha yake na kuondoka. Nakala ngapi zilichapwa, ngapi zilipanda basi la Mbeya na kuletwa huku, ngapi zilichomwa njiani, hakuambiwa na hakuwa na njia ya kujua. Mkulima wa Laela anaielewa hali hii bila kufundishwa: ni kuuza mahindi kwa lumbesa, mnunuzi akishika kipimo na wewe ukishika imani. Mfumo huo uliathiri hata sanaa yenyewe. Filamu moja ilikatwa ikawa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na hadithi zikavutwa mpaka zikapoteza nguvu. Wakosoaji waliwalaumu waongozaji kwa uvivu, wakati uamuzi ule ulitoka kwenye kaunta ya muuzaji.

Serikali ilijaribu kurudisha hesabu kwa stempu. Kuanzia 2013 kazi za filamu na muziki zilizouzwa kwenye diski zilitakiwa kuwa na stempu ya TRA, ili kila nakala halali ijulikane na kodi ikusanywe. Wazo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni wakati, kwa maana stempu hubandikwa kwenye kitu cha kushikika, na filamu ilikuwa inaanza kuacha kuwa kitu cha kushikika. Miaka minne baadaye, Aprili 2017, wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa bila utaratibu na kwa bei ya kutupa. Hasira yao ilikuwa ya haki. Ila kufikia siku ile wateja wengi walikuwa tayari wanatembea na flashi mfukoni, na flashi haina mahali pa kubandika stempu.

Baada ya DVD, wenye vipaji wengi walikimbilia televisheni. Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam zilifungua soko la tamthilia, na kazi kama *Huba* na *Jua Kali* zimewapa waigizaji na mafundi kitu ambacho Bongo Movie haikuwahi kuwapa: kazi ya mwezi hadi mwezi. Sipuuzi hilo hata kidogo. Lakini kituo cha televisheni nacho kwa kawaida hununua kipindi kwa bei ya makubaliano, na mtunzi halipwi zaidi wala pungufu kwa sababu ya watu waliokusanyika sebuleni kwa jirani mwenye king'amuzi huko Namanyere. Netflix, inayopatikana nchini tangu 2016, imechukua filamu chache za Kitanzania, mojawapo *Binti* ya Seko Shamte. Ni heshima kubwa, lakini ni mlango mwembamba.

Limebaki YouTube, na hapa ndipo matumaini mengi yalipowekwa. YouTube ina hesabu. Inajua sekunde ambayo mtazamaji amechoka na kuondoka, na humlipa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zake. Ni uwazi ambao mdosi hakuwahi kuutoa. Kasoro yake ni kwamba kinachohesabiwa pale ni thamani ya mtazamaji kwa mtangazaji. Kampuni hulipa fedha nyingi kumfikia mtu wa Marekani au Ujerumani na kidogo sana kumfikia mtu wa Kalambo, kwa hiyo macho elfu moja ya Ulaya huleta mara nyingi ya macho elfu moja ya Ufipa. Mtayarishaji mwenye akili ataanza kumwandikia Mswahili aliye ughaibuni, ambaye naye anastahili hadithi zake, huku mtazamaji wa hapa akipewa makombo.

Wapo watakaonionyesha Nigeria. Mwaka 2025 Omoni Oboli aliweka filamu yake *Love in Every Word* kwenye YouTube ikatazamwa zaidi ya mara milioni 20 ndani ya wiki chache. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini filamu ile inazungumza Kiingereza, na ina watazamaji wengi Wanigeria London, Houston na Toronto pamoja na mashabiki Afrika nzima na Karibiani. Isitoshe, Nigeria haikutupa tiketi: *A Tribe Called Judah* ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, ilivuka naira bilioni moja kwenye majumba ya sinema, na tunalijua hilo kwa sababu kila aliyeingia alikatiwa tiketi. Sisi majumba ya kisasa tunayo Dar es Salaam na miji michache mikubwa. Anayetaka kuiga Nigeria aiige yote.

Tuje sasa kwenye sababu inayowafanya watu wa huku wasitazame kwa njia inayohesabiwa. Ni bando. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka mipaka ya bei kwamba megabaiti moja ndani ya bando iuzwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Filamu ya saa moja na nusu, hata kwa ubora wa chini wa kuridhisha, inaweza kula megabaiti 700. Kwa bei ya chini kabisa ya mipaka ile hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 1,400, na kwa bei ya juu ilipita 6,500. Fedha hiyo yote ni ya mtandao wa simu. Mtunzi, mwigizaji na mpiga picha hawaoni hata senti, labda tangazo moja au mawili likatize katikati. Kwa familia inayongoja mahindi yakauke ndipo ipate fedha ya kushika, kulipa kiasi hicho kwa filamu moja, kwenye skrini ya simu, na usirudie kuiona mpaka ulipe tena, ni matumizi yasiyo na maana. Watu wamepiga hesabu zao vizuri. Wanakwenda kwenye banda la muvi.

Banda la muvi tunapaswa kuliangalia kama biashara kabla ya kuliita kosa. Ndani kuna kompyuta, kifaa cha kuunganisha flashi kadhaa kwa wakati mmoja, spika inayosikika hadi barabarani, na ukutani karatasi zenye picha za filamu mpya. Muuzaji amepanga mafaili yake kwa namna ambayo mkutubi angeiheshimu: za Kibongo, za Kikorea, za Kihindi, za kivita, za watoto, zilizotafsiriwa peke yake na zisizotafsiriwa peke yake. Mteja anakuja na flashi au memori kadi, anataja alipoishia, muuzaji anamwekea vipande vinavyofuata kwa shilingi mia chache. Anayetoka kijijini siku ya mnada hujaza flashi ya wiki mbili na kurudi nayo Mtowisa au Kaengesa, ambako itapita mikono mingi na pengine kuonyeshwa kwenye kibanda umiza cha umeme wa jua. Muuzaji anajua ladha ya mtaa wake kuliko programu yoyote ya kompyuta. Anabeba gharama ya bando mara moja na kuigawa kwa mamia ya wateja, jambo ambalo hakuna kampuni ya filamu mtandaoni iliyoweza kulifanya Rukwa.

Hata zile filamu za nje zilizotafsiriwa zina somo. Tangu enzi za Lufufu, aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wale wanaoitwa VJ kule Kampala, watazamaji wameonyesha kwamba wako tayari kulipia kazi ya ziada inayowasogezea hadithi. Sehemu ya wanacholipia ni sauti ya mtafsiri, kwa sababu inafanya kazi ambayo mwenye filamu hakuona haja ya kuifanya. Haki ya mwenye filamu haifutwi na ukweli huo. Unachotuambia ni kwamba fedha ipo, na mazoea ya kulipa yapo.

Basi mwenye banda apewe leseni. Sheria haikosekani: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka maonyesho ya filamu yawe na kibali, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kulipwa kazi yake inaponakiliwa au kuonyeshwa hadharani, na kila halmashauri ina Afisa Utamaduni. Kinachokosekana ni bidhaa halali ya kuuza. Leo mwenye banda wa Sumbawanga akiamka na nia njema ya kumlipa mtayarishaji wa Dar es Salaam, hana pa kwenda. Hakuna ghala la filamu analoweza kununulia faili safi, hakuna bei iliyopangwa, hakuna namba ya kulipia. Tunamhukumu mtu kwa kukwepa mlango ambao haujajengwa. Liundwe ghala moja, chini ya vyama vya watayarishaji wenyewe kwa usimamizi wa Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wakala aliyesajiliwa ashushe filamu humo, amwekee mteja, na mteja alipe kwa lipa namba ambayo inagawa fedha palepale: sehemu ya wakala, sehemu ya mtayarishaji, sehemu ya kodi. Kampuni za simu zilipoanza huduma za fedha mwaka 2008 hazikungoja benki zijenge matawi Kirando na Kasanga. Ziliwageuza wenye maduka kuwa mawakala wa kamisheni, na leo fedha inafika ambako lori linafika kwa shida. Filamu ni nyepesi kuliko fedha.

Wapo watakaosema huko ni kumzawadia mwizi. Hoja hii ina uzito, hasa ikitoka kwa mtu aliyeuza kiwanja ili amalize filamu, halafu akaikuta kwenye kila flashi ya nchi kabla hajalipa madeni. Sitamwambia asamehe. Ninachomwomba ni kuangalia kilichotokea Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwanazuoni Brian Larkin ameeleza jinsi waliokuwa wakinakili filamu za Kihindi na za Kimarekani bila ruhusa walivyojenga mtandao wa mashine, maduka na wachuuzi, na filamu za Kihausa zilipoanza kutengenezwa, mtandao uleule ukawa ndio usambazaji wake rasmi. Kule Wakaliga, Kampala, mtengenezaji wa filamu Isaac Nabwana na wenzake walipitia njia tofauti yenye mantiki ileile: waigizaji wenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza filamu zao siku za mwanzo, kabla wanakili hawajawawahi. Kote kuwili kilicholeta fedha ni kumfikia mtazamaji kwa njia aliyoizoea na kwa bei anayoimudu. Misako haijaleta matokeo hayo popote ninapopajua. Hukamata kompyuta moja, na kesho yake mdogo wake mwenye banda anafungua nyingine.

Pingamizi la pili ni kwamba flashi nayo itapita kama ilivyopita DVD, kwa nini tujenge kitu kinachokufa. Nakubali itapita. Lakini ninachopendekeza kukisajili ni mtu na lipa namba yake, na hivyo haviko ndani ya flashi. Siku bando litakapokuwa rahisi, wakala huyohuyo atauza vocha za kutazama mtandaoni kama anavyouza vocha za umeme. Viusasa, huduma ya video mtandaoni ya Kenya, ilipoanza mwaka 2017 ilikubali kwamba mtu alipe kwa siku au kwa wiki kwa simu, badala ya kadi ya benki ya mwezi mzima, na huo ndio mwelekeo wa watu wenye kipato cha kubahatisha.

La tatu ni gumu zaidi: wakala atauza kumi na kuripoti tatu. Atafanya hivyo, baadhi yao. Swali langu ni tunalinganisha na nini. Mdosi aliripoti sifuri, na banda la leo linaripoti sifuri. Tukadirie kwa uangalifu: mabanda 100 katika mkoa mmoja, kila moja liripoti nakala 30 tu za filamu moja kwa shilingi 300. Hiyo ni shilingi 900,000, na mtayarishaji akichukua nusu ni 450,000. Mikoa 26 ya Tanzania Bara ikifanya hivyohivyo anapata zaidi ya milioni 11 kwa filamu moja, kutoka kwa watazamaji ambao leo hawamletei chochote, na filamu ya zamani itaendelea kuingiza kidogo kidogo. Udanganyifu hupungua pia pale wakala anapopata faili safi siku ya kwanza, mapema kuliko jirani yake asiyesajiliwa, na pale anapojua akifungiwa anakosa filamu mpya zote. Yuko tayari kulinda biashara iliyo yake.

Tena kuna faida ambayo haionekani kwenye jedwali la fedha. Mtayarishaji asiyejua watazamaji wake wako wapi hutengeneza filamu kwa ajili ya mtaa anaoujua, ndiyo maana Tanzania ya kwenye skrini ina majumba mengi ya Mbezi na Mikocheni kuliko ulezi, mifugo ya Bonde la Rukwa au wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Ripoti ya kila mwezi ya mauzo ya mawakala ikionyesha kwamba Nkasi inanunua hadithi za aina fulani kuliko Kinondoni, mtu atapanda basi kuja kuzitafuta hadithi hizo hapa. Kijana wa Matai mwenye kamera atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkopeshaji kwamba filamu yenye Kifipa ndani yake ina wanunuzi wanaojulikana, wilaya kwa wilaya. Bila hesabu hiyo, akienda kuomba mtaji hana cha kuonyesha ila kipaji.

Hakuna haja ya kungoja mpango wa nchi nzima. Chama cha watayarishaji kinaweza kuchagua filamu kumi zilizokwisha kulipa gharama zake, kikaja Sumbawanga msimu wa mavuno, kikakaa na wenye mabanda pamoja na Afisa Utamaduni, na kukubaliana bei, mgawo na namba ya kulipia kwa miezi sita. Filamu hizo tayari ziko kwenye kompyuta za hapa, kwa hiyo mtayarishaji hapotezi mteja hata mmoja kwa kujaribu. Kitu cha kujadiliwa kwa makini ni mgawo. Kwenye milio ya simu wanamuziki walilalamika miaka mingi kwamba sehemu kubwa ilibaki kwa kampuni, na kosa hilo lisiingizwe humu: nusu ya mtayarishaji iandikwe kwenye mkataba kabla ya mtandao wowote wa simu kukaribishwa mezani, na ripoti ya mauzo imfikie yeye moja kwa moja siku ileile inapomfikia msimamizi wa ghala.